Akili Analala, Mtoto wa Mwika Yuko Macho

Kwa muda mrefu niliichukulia Akili and Me kama kitu cha kumtuliza mtoto mama yake akiwa jikoni. Desemba nilipopanda Mwika kwa sikukuu, mpwa wangu wa miaka minne akanibadilisha mawazo.

Katuni hii ni kazi ya Ubongo wa Dar es Salaam, walioanza 2013, hao hao wa Ubongo Kids. Akili naye ana miaka minne, anaishi chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala, anajikuta Lala Land, ambako yeye na rafiki zake wanyama wanajifunza herufi, namba na kuchora. Hakuna anayesimama na fimbo. Kiboko pekee aliyepo ni yule mnyama, tena ni rafiki. Mtoto anaitaka namba inayofuata kwa sababu anataka kujua safari inaishia wapi.

Ila nina ugomvi nayo. Kwa vipindi nilivyoona, mlima ni mahali pa kulala tu. Raha inaanza Akili akifumba macho. Sisi tuliokulia kihambani tulicheza duka mchana kweupe. Hela zetu zilikuwa majani ya masale, na ukikosea chenji, wateja wote wanahamia kwa jirani. Hesabu zile hatukuzifanya usingizini.

Asubuhi moja nikamkuta mpwa wangu chini ya mgomba, kafumba jicho moja.

“Mjomba, usiniamshe. Niko Lala Land.”

Mbele yake kapanga punje za kahawa, anawagawia wanyama wake: kiboko tatu, simba tatu, yeye nne, “maana mimi ndo mwenye nyumba.” Simba akalalamika kapunjwa, basi akazikusanya zote na kuhesabu upya. Hakuna aliyemtuma.

Bibi yake akaita toka jikoni: “We, acha michezo, njoo ushike daftari!” Akaenda. Akaandika 1, 2, 3, kisha miayo.

Kwangu mimi, uzuri wa Akili and Me niliuona pale chini ya mgomba kuliko kwenye runinga. Waandishi walimtoa Akili mlimani ili aote. Mtoto kaichukua ile ndoto, kairudisha kihambani. Natamani kipindi kimoja tu Akili aamke, awakute wanyama wake nje, wamefungua duka. Na bibi aje kununua, tena adai chenji yake.