Idadi kubwa ya wachumaji majanichai: imegoma au wamegoma?

MAJUZI nikisafiri kwa matatu kutoka Kericho kwenda Bomet, nilimsikia mtangazaji akisema redioni: “Idadi kubwa ya wachumaji majanichai imegoma.” Abiria aliyeketi kando yangu akaniuliza, “Mwalimu, idadi nayo hugoma?”

Jibu la vitabuni ni jepesi. Nomino kuu ni ‘idadi’, nayo huchukua kiambishi i-; basi imegoma. Nimelifundisha jibu hilo miaka mingi, ila siku hizi silishikilii. Panapohusika viumbe hai, Kiswahili hakifuati umbo la nomino peke yake. Nani husema ‘kijana kimefika’? Isitoshe, kinachogoma kwa i- masikioni mwa wengi ni mashine, na katika mashamba ambako mashine za kuchuma zimewanyima watu kazi, kauli ya mtangazaji yule inachekesha na kuudhi.

Kiingereza hutenganisha maana hizi kwa vibainishi: “the number of workers has fallen”, lakini “a number of workers have left”. Sisi hatuna vibainishi hivyo. Upatanisho ndio unaoweza kutufanyia kazi hiyo. ‘Idadi ya wachumaji imepungua’: kilichopungua ni hesabu. ‘Idadi kubwa ya wachumaji wamegoma’: waliogoma ni watu, na sioni kosa hapo. Lakini ‘idadi ya wachumaji wamepungua’ sikubali, labda wawe wamekonda!

Kuna mahali ambapo kiambishi hugusa mfuko. Mkulima mmoja aliwahi kunionyesha ujumbe kwenye simu yake: “Nusu ya bonasi ya wakulima wamelipwa.” Nusu gani sasa? Ingekuwa ‘nusu ya bonasi imelipwa’, angejua kwamba kila mmoja amepata sehemu na salio linakuja. Ingekuwa ‘nusu ya wakulima wamelipwa bonasi’, angejua kwamba wenzake wamepokea zote naye bado yumo foleni. Mwandishi alianza na pesa akamalizia na watu, na mzee wa watu, mwenye karo ya kulipa, akabaki kunitazama mimi kana kwamba profesa wa lugha ndiye mhasibu wa kiwanda. Nilimshauri aende akaulize kituoni anakopimia majani.

Na mtangazaji yule? Angesema tu ‘wachumaji wengi wamegoma’. Ni fupi, na jirani yangu asingekuwa na swali.