Kupima Utayari wa Biashara Ndogo Dhidi ya Programu za Kudai Fidia

Programu ya kudai fidia huingia kwenye kompyuta, hufunga kwa msimbo kila faili inayoifikia, kisha huacha ujumbe wa kutaka malipo ili ufunguo utolewe. Ya kwanza inayojulikana ilisambazwa mwaka 1989 na Joseph Popp, Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Ilisafiri kwa posta ndani ya diski laini na kudai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Siku hizi malipo hudaiwa kwa bitcoin, na wadukuzi wengi huiba kwanza nakala ya taarifa, ili mwenye mali akikataa kulipa wamtishie kuzianika.

Utayari wa duka la dawa, ofisi ya uhasibu au ghala la vifaa vya ujenzi haupimwi kwa risiti za vitu vilivyonunuliwa. Antivairasi yenye leseni hai ni ya lazima, lakini kuwapo kwake hakumwambii mpimaji mengi, kwani wengi walioathirika walikuwa nayo. Kinachotenganisha biashara iliyo tayari na isiyo tayari ni urejeshaji: kompyuta zote zikifungwa asubuhi ya leo, kazi itarudi lini, na ni nani atakayeirudisha.

Kwa hiyo mpimaji huanza kwa kumtaka mwenye biashara aonyeshe ni faili gani ikipotea kazi inasimama. Anayejibu “zote” bado hajafikiri. Katika maduka mengi jibu sahihi ni faili moja tu: hifadhidata ya programu ya mauzo, yenye bei, stoo na madeni ya wateja, nayo imekaa kwenye kompyuta ya kaunta. Anayeweza kuonyesha ilipo bila kumpigia fundi simu anastahili alama nzuri.

Baada ya faili huja nakala zake, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kanuni mashuhuri, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, ni nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe nje ya jengo. Hukaririwa sana na kutimizwa kwa ujanja. Diski ya nje iliyochomekwa usiku na mchana huhesabiwa kuwa nakala, ilhali shambulio litaifunga pamoja na kompyuta yenyewe. Folda inayojilandanisha na Google Drive nayo hudanganya: faili ikiharibika kwenye kompyuta, hiyo iliyoharibika ndiyo inayopandishwa. Kinachoweza kuokoa hapo ni matoleo ya awali, ambayo kwa kawaida hutunzwa siku 30, na mpimaji makini hutaka moja lifunguliwe mbele yake. Nakala nzuri ni ile ambayo kompyuta ya kaunta haiwezi kuigusa: diski mbili zinazopokezana, moja ikiwa imefungiwa kabatini, au hifadhi ya mtandaoni ambayo akaunti ya keshia haina ruhusa ya kuifuta.

Kampuni ya meli ya Maersk ilijifunza hilo kwa gharama kubwa mwezi Juni 2017, iliposhambuliwa na NotPetya, programu iliyojifanya ya kudai fidia ingawa hakuna malipo ambayo yangefungua faili. Seva takribani 150 zilizotunza majina na ruhusa za watumiaji zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na zote zilizokuwa hewani zikafutika. Ilinusurika moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio. Ni nadra kukatika kwa umeme kustahili shukrani. Hata hivyo Maersk ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Jaribio lenyewe ni fupi. Mpimaji huchagua tarehe ya wiki iliyopita na kuomba hifadhidata ya siku hiyo irejeshwe kwenye kompyuta nyingine. Kisha hunyamaza na kutazama. Je, nywila ya nakala inajulikana, au imo ndani ya kompyuta ileile inayodhaniwa kupotea? Je, faili ikirudi inafunguka kwenye programu ya mauzo, na jumla ya siku inalingana na risiti zilizotolewa? Saa zilizotumika huandikwa. Daftari la majaribio yaliyotangulia nalo husomwa, na lile lisilo na jaribio hata moja lililoshindwa hutiliwa shaka: huenda liliandikwa jana.

Milango ya kuingilia hukaguliwa upesi zaidi. Wa kwanza ni huduma ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ambayo fundi huiacha wazi ili asisumbuke kuja dukani. Wa pili ni akaunti za walioacha kazi. Mwezi Mei 2021 kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani iliingiliwa kwa akaunti iliyokuwa haitumiki tena, isiyo na uthibitisho wa hatua mbili. Ililipa bitcoin 75, kama dola milioni 4.4, na zana ya kufungulia faili iliyopewa ikawa ya polepole kiasi kwamba iliendelea kutegemea nakala zake. Wa tatu ni masasisho. WannaCry, programu nyingine ya kudai fidia, ilipozuka tarehe 12 Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya udhaifu iliyoutumia tangu Machi. Windows au programu ya uhasibu iliyofunguliwa kwa kraki inatosha kuifelisha biashara, kwa kuwa kraki zenyewe hubeba programu hizi.

Fundi wa nje naye hupimwa. Mwezi Julai 2021 wadukuzi walipitia programu ya Kaseya inayotumiwa na watoa huduma za kompyuta, wakazifikia biashara kati ya 800 na 1,500, nyingi ndogo. Nchini Sweden mamia ya maduka ya Coop yalifungwa. Fundi anayetumia nywila moja kwa wateja wake wote hupunguza alama za kila mmoja wao.

Mwisho hutazamwa mpango wa siku ya tukio. Uwe kwenye karatasi, kwani ulio ndani ya kompyuta utafungwa nayo. Useme nani achomoe waya wa mtandao, mauzo yaandikwe wapi, na nani apigiwe simu. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa anayetunza taarifa za watu saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale uvujaji unapoweza kuwadhuru wahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mpango unaoanza na bei ya kulipa wadukuzi haupewi alama.

Biashara iliyoshinda jaribio la urejeshaji hupimwa tena kila inapobadili programu ya mauzo, kompyuta ya kaunta au fundi. Matokeo ya zamani hayahesabiwi.