Saa 96 na nyuzi 27: somo la Florida baada ya Irma

Kimbunga Irma kiliipiga Florida Jumapili, tarehe 10 Septemba 2017. Zaidi ya wateja milioni 6 wa umeme walibaki gizani. Katika mji wa Hollywood, kusini mwa jimbo hilo, makao mamoja ya wazee hayakuwa miongoni mwao. Upepo ulipita, jengo likabaki limesimama, taa zikaendelea kuwaka. Alfajiri ya Jumatano waokoaji walikuwa wakiwatoa wazee humo mmoja mmoja, wengine joto la mwili limezidi nyuzi 41. Wanane walifariki siku hiyohiyo. Hatimaye vifo 12 vilihesabiwa kuwa vimetokana na joto la ndani ya jengo, na mchunguzi wa vifo akaviandika kuwa ni mauaji.

Wazee 12 walikufa katika jengo lenye umeme. Ilikuwaje?

Tuanze na fyuzi. Transfoma iliyolisha mfumo wa viyoyozi ilikuwa peke yake, mbali na njia iliyolisha taa na soketi. Kimbunga kilipopita, fyuzi ya transfoma hiyo ilichomoka. Taa zikabaki, ubaridi ukaondoka. Jenereta ilikuwapo, lakini haikuunganishwa na viyoyozi. Mkaguzi angeuliza kama jenereta ipo, angejibiwa ndiyo, na jibu hilo lisingemwokoa mtu.

Kisha wahudumu wakaleta feni na viyoyozi vidogo vya kuhamishika. Hapa ndipo penye fundisho la kiufundi ambalo kila mwenye nyumba anapaswa kulishika. Kiyoyozi hakizalishi baridi. Kinachukua joto la mahali hapa na kulitupa mahali pengine, na lisipotupwa nje ya jengo, limehamishwa chumba tu. Mhandisi aliyetoa ushahidi baadaye alieleza kwamba pumzi ya moto ya viyoyozi vile ilielekezwa kwenye uwazi wa juu ya dari. Ghorofa ya chini ikapata nafuu kidogo, na ya juu ikazidi kuiva.

Feni nazo zina kikomo chake. Feni humpoza mtu kwa kukausha jasho. Hewa ikifika nyuzi 35 hivi, inakaribiana na joto la ngozi, na upepo wa feni unaanza kukuletea joto badala ya kukuondolea. Unyevunyevu wa pwani ya Florida unazuia jasho lisikauke. Mzee hutoka jasho kidogo kuliko kijana, kiu yake imepungua, na baadhi ya dawa za moyo na shinikizo la damu zinamkausha maji mwilini. Zege nalo lililopigwa na jua mchana kutwa hutema joto usiku kucha. Mwili unaonyimwa usiku wa kupoa huingia siku ya pili ukiwa umechoka, na ya tatu ukiwa umeshindwa.

Linaloniumiza zaidi ni hili: ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali yenye viyoyozi vinavyofanya kazi. Simu zilipigwa, fundi wa umeme akasubiriwa. Lakini hakukuwa na kiwango kilichowekwa mapema, kwamba joto likifika hapa, hatusubiri tena, tunavuka barabara.

Machi 2018 Florida iliandika kiwango hicho. Sheria mpya iliyataka makao ya wazee yawe na umeme wa dharura wa kuweka joto lisizidi nyuzi 81 za Fahrenheit, yaani takriban 27 za sentigredi, kwa muda usiopungua saa 96. Haikudai jengo zima lipozwe. Ilidai pawepo eneo lililopozwa la kuwatosha wakazi wote. Uzuri wa sheria hii ni kwamba haiulizi una kifaa gani. Inauliza joto ni nyuzi ngapi, kwa saa ngapi, katika chumba kipi. Maswali hayo matatu hayajibiwi kwa taa zinazowaka.

Nayaleta maswali hayo nyumbani, kwa Waswahili walioko Marekani hasa, kwa sababu msimu wa vimbunga vya Atlantiki, kuanzia Juni mosi hadi Novemba 30, unabeba ndani yake miezi ya joto kali. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliingia Texas, na zaidi ya wateja milioni 2 wa eneo la Houston wakakosa umeme, wengine kwa siku kadhaa. Humo wamo wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka mashariki ya Kongo. Aliyekulia Bukavu au Goma amezoea umeme kukatika. Hakuzoea usiku usiopoa.

Nyuzi ngapi? Weka kipimajoto katika chumba anacholala mzee au mtoto mchanga. Mgonjwa wa joto huchanganyikiwa, hivyo usitegemee akuambie anavyojisikia.

Chumba kipi? Kimoja tu: cha chini, kisichopigwa na jua la alasiri, pazia limefungwa mchana. Wote wahamie humo. Lowesha kanga, mfunike mtu, uiloweshe tena inapokauka. Maji yampoze, feni imsaidie tu.

Saa ngapi? Amueni kabla ya kimbunga: chumba kikifika kiwango fulani na umeme haujarudi kabla ya usiku, tunakwenda. Kwa nani, kwa gari la nani, kituo gani cha kupozea? Majibu yaandikwe na kubandikwa ukutani. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili unawaka, pigeni 911 na mmwagieni maji mkisubiri.

Jenereta inahitaji onyo lake. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu na kuinyima oksijeni. Baada ya kimbunga Laura mwaka 2020, watu watano wa nyumba moja mjini Lake Charles, Louisiana, walikufa kwa jenereta iliyokuwa gereji. Jiko la mkaa ndani ya nyumba linaua kwa njia hiyohiyo, kama wengi wetu tunavyojua kutoka kwetu. Jenereta iwe nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na milango na madirisha. Kuacha mlango wa gereji wazi hakutoshi.

Kimbunga hupewa jina, kikatangazwa siku nyingi kabla. Joto la siku ya tatu halitangazwi na yeyote. Linamkuta mzee kitandani, taa ikiwaka juu yake. Kwa hiyo upepo ukishatulia, usiishie kumpigia jirani mzee simu, maana atakujibu hajambo. Nenda ukabishe hodi, uingie, ukisome kipimajoto kwa macho yako.