Kati Kati na Helikopta Yangu

Tangu Machi simu yangu haijaita kwa kazi ya skripti. Kipindi nilichokuwa nakiandikia kilisimamishwa, prodyuza akasema "tutakucheki", na mpaka leo sijachekiwa. Kila ninayemlilia ananipa dawa ileile: andika kurasa tatu kila asubuhi, usipoe. Nimeandika. Nina kurasa zaidi ya 200, na hakuna hata moja ambayo mtu wa hapa angeweza kuipiga picha. Kuna helikopta. Kuna harusi ya wageni 400. Kuna Mto Nairobi ukivunja kingo zake usiku.

Juzi nikarudia Kati Kati, filamu ya 2016 ambayo Mbithi Masya aliiongoza na kuiandika pamoja na Mugambi Nthiga. Kaleche anazinduka nyikani akiwa amevaa gauni la hospitali, hakumbuki maisha yake. Anafika kwenye loji, anakuta watu wanakula na kucheka, na Thoma anamfungulia ukweli: hapa sote tumeshakufa. Karibu kila kitu kinatokea palepale, na dakika kama 75 baadaye imeisha.

Wengi husifu picha zake, na ni haki. Mimi safari hii nimesifu hesabu. Mahali pamoja, watu wachache, jua la bure. Na ufinyu huo ndio unaoipa nguvu. Kwenye skripti zangu, mtu mwenye siri hupanda matatu ya Nakuru na tatizo linaahirishwa. Kaleche na Thoma hawana matatu. Kesho yake watakutana tena pale pale, siri ikiwa katikati yao.

Kasoro ipo. Wakazi wengine wa loji wanatajiwa jeraha lao halafu wanapita, kabla hatujawazoea vya kutosha kuwaombolezea. Na tusidanganyane: filamu hii ilikuwa na mlezi. Ilitoka kwenye mradi wa One Fine Day Films, uleule uliotuletea Nairobi Half Life mwaka wa 2012. Skripti ndogo peke yake hailipi rent, na anayekwambia kiangazi ni baraka kwa msanii pengine ana mshahara.

Lakini imenionyesha kwamba kurasa zangu 200 hazikuwa kazi. Zilikuwa njia ya kujificha huku nikionekana niko bize.

Kwa hivyo nimeichukua ile ya harusi nikafukuza wageni wote. Wamebaki bi harusi, mamake na fundi wa nguo, ndani ya kibanda cha fundi, stima imepotea na gauni halijaisha. Kurasa 12. Beste yangu ana kamera, na fundi wa hapa plotini amekubali kutuachia kibanda Jumapili.

Imebaki shida moja tu: hao watatu wana nini cha kuambiana? Nimekaa na swali hilo siku nne sasa. Nilipokuwa na helikopta sikuwahi kulazimika kujiuliza.