Upenyo Pembeni mwa Valvu: Tundu Dogo Linalobeba Hatima ya Mgonjwa

Aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iwe Machame, Kibosho au Marangu, anazijua tabia za maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Ubao wa kuzuia maji unaweza kuwa mzima kabisa, lakini kama haukukaa sawasawa na ukingo, maji yatapenya pembeni. Mwanzo ni mchirizi mwembamba. Ukiachwa, unakula udongo, na kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha chini kinakosa maji.

Ndivyo inavyowatokea baadhi ya wagonjwa waliobadilishiwa valvu ya moyo. Valvu mpya inafunguka na kufunga vizuri, ila damu inarudi nyuma kupitia upenyo ulio kati ya pete ya valvu na nyama ya moyo. Kosa haliko kwenye mlango, liko kati ya fremu na ukuta.

Valvu inavyoshonwa

Valvu bandia za kwanza kuwekwa mahali pa valvu asilia ziliwekwa Marekani mwaka 1960, na Dwight Harken mjini Boston na Albert Starr katika jimbo la Oregon. Kwa upasuaji wa kufungua kifua, msingi wa kazi bado ni uleule. Daktari hukata valvu iliyoharibika, hupima upana wa tundu, kisha hupitisha nyuzi kuzunguka tundu lote na kwenye pete ya kitambaa ya valvu mpya. Huiteremsha mahali pake na kufunga fundo moja baada ya jingine. Mara nyingi huweka vipande vidogo vya kitambaa chini ya nyuzi ili zisichane nyama.

Upenyo hupatikana pale nyuzi zinapokosa pa kushika. Nyama iliyoliwa na maambukizi ni laini, uzi unaikata. Penye chokaa iliyoganda kwenye nyama ni pagumu, pete hailali vizuri. Saizi isiyolingana na tundu huacha nafasi. Hata valvu iliyokaa imara inaweza kung'oka upande mmoja miaka kadhaa baadaye, bakteria wakiingia kwenye damu na kushambulia mshono.

Takwimu zinazotajwa sana katika fani hii zinaonyesha kuwa uvujaji huu huonekana kwa asilimia 2 hadi 10 ya waliobadilishiwa valvu ya aota (mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini), na asilimia 7 hadi 17 ya waliobadilishiwa ile ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo). Kwa wengi wao ni mdogo na hauwaletei shida. Kazi ya daktari ni kuwatambua wachache ambao utawadhuru.

Madhara yake

Dhara la kwanza ni mzigo. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kila pigo likirudisha mililita 10 tu, sawa na vijiko viwili vya chai, basi kwa siku moja moyo unasukuma upya lita 1,000 ambazo ulikwisha kuzisukuma. Hayo ni mapipa matano ya lita 200. Misuli huvumilia kwa muda, kisha moyo hutanuka na kuchoka.

Dhara la pili ni kuharibika kwa damu. Ikilazimishwa kupita kwa kasi kwenye ufa mwembamba, chembe nyekundu hupasuka. Mgonjwa huishiwa damu, macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Hapa ndipo wengi hukosea: tundu jembamba linaweza kuiharibu damu vibaya kuliko tundu pana. Udogo wa tundu pekee haumpi mgonjwa usalama.

Kipimo kikuu ni eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwenye skrini, damu inayovuja huonekana kama ulimi wa rangi unaochomoza nje ya pete. Kwa valvu ya aota, mtaalamu huangalia pia uvujaji umeshika sehemu gani ya mzunguko: chini ya asilimia 10 huhesabiwa kuwa mdogo, na kuanzia 30 kwenda juu ni mkubwa.

Ushahidi mzito wa madhara haya ulipatikana kwa valvu zinazopitishwa kwenye mshipa bila kufungua kifua, njia iliyoanzishwa na Alain Cribier nchini Ufaransa mwaka 2002. Valvu hizo hazishonwi, hubanwa tu ukutani. Katika utafiti wa kwanza wa PARTNER, uliozijaribu valvu hizo, uvujaji wa kati au mkubwa ulionekana kwa asilimia 12.2 ya wagonjwa baada ya siku 30, na matokeo ya miaka miwili, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kuwa hata uvujaji mdogo uliambatana na vifo zaidi. Watengenezaji waliongeza kitambaa nje ya pete, na madaktari wakaanza kupima tundu kwa picha za CT. Katika PARTNER 3 ya mwaka 2019, iliyohusu wagonjwa wenye hali nafuu zaidi, kiwango cha uvujaji wa kati au mkubwa kilikuwa asilimia 0.8.

Kwa mgonjwa wa Moshi

Wagonjwa wa tafiti hizo walikuwa wazee wenye chokaa kwenye valvu ya aota. Wa kwetu mara nyingi ni kijana ambaye valvu yake ya mitrali iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maumivu ya koo utotoni. Ana miaka mingi ya kuishi na mshono ule. Anaweza kuonwa KCMC mjini Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971, na kupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Kisha anarudi kijijini, na hapo ndipo ufuatiliaji hulegea.

Uvujaji mkubwa unaweza kuzibwa kwa kurudia upasuaji, au kwa kizibo kinachopitishwa kwenye mshipa. Njia zote mbili zina manufaa zaidi moyo ukiwa haujachoka.

Kwa hiyo, ndugu uliyebadilishiwa valvu, unaporuhusiwa kutoka hospitali omba nakala ya majibu ya eko, uulize kama kuna uvujaji pembeni na ni wa kiwango gani. Itunze pamoja na kadi yako ya kliniki, maana eko zijazo zitalinganishwa na hiyo. Kila unapokwenda kung'oa jino, mweleze daktari kwamba una valvu bandia, maana hapo bakteria wanaweza kuingia kwenye damu. Na mlima wenyewe ukufundishe: kama ulizoea kupanda na mzigo wa majani ya ng'ombe bila kusimama, na sasa unasimama mara mbili kuvuta pumzi, usiseme ni uchovu wa kawaida. Nenda kapimwe.