Kilichokwisha ni Ruhusa

Mtu anunuapo kompyuta mpya mjini Mwanza ili aitumie nyumbani, aghalabu huikuta imekwisha kutiwa programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, mfano Microsoft Office, itumikayo bila malipo kwa muda mfupi, pengine siku 30. Siku hizo zikipita hutokea tangazo ambalo wafasiri wetu hulieleza hivi: "toleo la majaribio limekwisha muda wake". Tafsiri hii ina ila.

Chombo kilicho katika majaribio ni kile ambacho mwundaji wake bado hajakiridhia. Hapa programu imekamilika. Anayejaribu ni mteja, kama aonjeshwavyo asali kabla ya kununua. "Toleo la kuonja" lingefaa zaidi.

Ila kubwa imo katika "kwisha muda". Maneno hayo tumeyazoea kwa dawa na vyakula: kilichokwisha muda hutupwa. Mwalimu ayasomapo hudhani kuwa mitihani aliyoiandika imeharibika. Sivyo. Katika Microsoft Office nyaraka bado hufunguka, zikasomwa na kupigwa chapa. Kinachozuiwa ni kuzirekebisha na kuandika mpya. Kilichokwisha ni ruhusa. Wavuvi wa Kirumba na Ukerewe hawahitaji kufundishwa jambo hili: leseni ya uvuvi ikimalizika mtumbwi hautoboki, wala dagaa waliokwisha anikwa hawawi mali ya mwingine. Na iandikwe basi: "ruhusa ya kuonja imemalizika".

Asomaye hivyo huziona njia zilizo mbele yake. Aweza kununua leseni ya kudumu, au kulipa ada ya kila mwezi au mwaka, au kutumia LibreOffice, isiyotozwa, ambayo huzifungua nyaraka zile zile, ijapokuwa mpangilio wa kurasa huenda ukapotoka kidogo.

Hii ya mwisho wengi huiita "programu ya bure". Bure ni kisicho na bei, na pia kisicho na faida. Karani gani atamshawishi mkuu wake kwa neno hilo? Jambo OpenOffice, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa programu ya jamii hiyo, nayo haikuwa bure kwa maana ya pili. Tunalo neno "huria". Chuo Kikuu Huria hutoza ada, wala hakuna aonaye kuwa jina limekosewa, kwa kuwa huria hutaja mlango ulio wazi, si bei. Toleo la kuonja, kwa upande wake, halitozwi. Huria si huria.