Ndumilakuwili na Funguo za Stoo

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu hapa Unguja, nilikuwa na desturi ya kupita dakhalia jioni na kuwanyang'anya wanafunzi gazeti la katuni la Sani. Lilikuja kutoka Dar es Salaam, likapita mikono mingi hata likachakaa. Niliwaambia kwamba mwalimu wa kesho haingii skuli na Kiswahili cha vijiweni. Magazeti niliyafungia kabatini, na usiku, nakiri, nikiyasoma mimi.

Jina la Sani limetokana na majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo mlikuwa na Kipepe, Lodi Lofa, na huyu ninayemzungumzia, Ndumilakuwili. Hilo ni jina la nyoka asemwaye kuwa na vichwa viwili, kimoja kila upande. Na ndivyo tunavyomwita mtu anayekuambia hili wewe, kisha kwa jirani yako akasema lile. Ndumilakuwili hana nguvu za ajabu. Ana ulimi tu.

Sisi walimu tulidai kwamba anafundisha ulaghai. Leo naona tulisoma juu juu. Mlaghai huyu ameandikwa jina lake waziwazi, kwa hiyo msomaji hana haja ya kumtafuta mwongo ni nani. Jicho lake humwacha mwongo likamgeukia anayedanganywa, naye hujiuliza: huyu ameamini kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu ameambiwa lile alilotaka kulisikia.

Majuzi mjukuu wangu alinionyesha The Boys, katuni ya Marekani ya Garth Ennis na Darick Robertson, iliyotoka mwaka 2006 hadi 2012. Humo mashujaa warukao angani ni waovu, na kampuni inayowamiliki huchapisha katuni za kuwasifu ili umma uwaamini. Kijana Hughie na mpenzi wake Annie nao wanafichana: yeye Annie ni mmoja wa mashujaa, naye Hughie yumo katika kundi linalowawinda. Sikuipenda damu yake wala matusi yake. Lakini Hughie anapoujua ukweli, tunakaa naye katika maumivu yake. Hapo Sani inashindwa: kicheko humaliza kila kitu, na hatumwoni aliyedanganywa akirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa upande mwingine, katuni ya Marekani inawapunguzia mno watu wa kawaida lawama zao, kana kwamba udanganyifu wote hushuka kutoka juu. Sani inajua kwamba mlango hufunguliwa na mwenye nyumba.

Nami niliufungua. Miaka ileile chuo kilikuwa na mtunza stoo, mtu wa kanzu safi na salamu ndefu, ambaye hakukosa safu ya mbele msikitini. Nilikuwa nimepewa jukumu la kukagua chakula, na kila mwisho wa mwezi nilitia saini daftari lake bila ya kufungua gunia hata moja. Wanafunzi walipolalamika kwamba wali umepungua na chai haina sukari, niliwakemea kwa utovu wa adabu. Nilisikia wakimwita Ndumilakuwili, nikasema: tazama jinsi katuni zilivyowaharibu.

Stoo ilipokaguliwa na watu wengine, magunia hayakulingana na daftari. Mchele na sukari vilikuwa vikiuzwa mjini. Watu walinipa pole, wakasema nimeponzwa na moyo mweupe. Haikuwa hivyo. Nilimwamini kwa sababu kumwamini kulinipunguzia kazi, na vijana wenye njaa ndio waliolipa gharama ya raha yangu.

Magazeti yao niliwarejeshea mwisho wa muhula. Radhi sikuwaomba, wakati huo niliona haifai mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi. Wengi wao sasa ni walimu wastaafu kama mimi. Naiomba hapa.